Chumvi Nyeupe juu ya Mawe Meusi ya Goma

Anayeingia katika mji wa Goma kwa mara ya kwanza huona weusi kabla ya kuona kitu kingine. Vumbi la barabara ni jeusi, mawe ya viwanja ni meusi, na kuta za makanisa, za shule na za nyua ni nyeusi vilevile. Mji umekaa juu ya mawe yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo, tena umejengwa kwa mawe hayohayo. Mlima wenyewe unasimama upande wa kaskazini, kimo chake meta 3,470, na siku ya mbingu safi hauhitaji kuonyeshwa kwa kidole. Ulipasuka tarehe 10 Januari 1977. Ulipasuka tena tarehe 17 Januari 2002, na mto wa moto ukapita katikati ya mji hata ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukateketeza maelfu ya nyumba pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka mara nyingine, ukasimama pembeni mwa mji. Kila mara watu walirudi. Mawe yalipopoa, wanaume, wanawake, na watoto pia, waliketi juani kuyavunja kwa nyundo: makubwa kwa kuta, madogo kwa kokoto. Hivyo jiwe lililomeza nyumba ya kwanza ndilo lililosimamisha nyumba ya pili.

Tulikaa Goma siku kadhaa, mvua zikiwa zinakwisha na kiangazi kinaanza, na tulitembea kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa. Msafiri aendaye kwa miguu hutazama kuta kuliko yule apitaye kwa gari. Basi, tukaona kwamba mawe haya meusi hayabaki meusi. Chini, karibu na ardhi, ukuta huvaa unga mweupe, mwepesi, kama unga wa muhogo uliomwagika kinuni. Juu zaidi, katika maungio ya simenti, hushuka michirizi migumu inayofanana na nta iliyotiririka kando ya mshumaa. Katika mji wa matofali mekundu jambo hili huonekana kidogo tu. Hapa haliwezi kujificha. Hata mtoto wa darasa la kwanza huliona akipita.

Tuliuliza maana yake. Muuza duka mmoja alituambia kwamba ni simenti mbaya, iliyochanganywa na majivu na wafanyabiashara. Mama mmoja alisema ni ukungu, akausugua kila Jumamosi kwa maji mengi na sabuni, na kila Jumamosi iliyofuata akaukuta umerudi. Kijana wa sekondari alifikiri kwamba mlima unaendelea kutoa jasho ndani ya mawe yake. Huyu wa mwisho hakuwa mbali sana na ukweli, na tutaona kwa nini.

Wale wa Rutshuru na wa Beni wanaijua chumvi ya Katwe, ile inayotoka Uganda, ng'ambo ya ziwa Edward. Huko Katwe watu huchimba mabwawa madogo kando ya ziwa la chumvi, kila moja na mipaka yake ya udongo na miti. Maji huingia, jua huyanyonya, na chumvi hubaki. Hakuna mtu aliyeileta. Ilikuwamo ndani ya maji tangu mwanzo, ila macho hayakuweza kuiona. Ukuta wa mawe hufanya kazi hiyohiyo, ukiwa bwawa la Katwe lililosimamishwa wima. Mvua huingia ndani yake kwa vitundu visivyohesabika, huyeyusha chumvi iliyo ndani ya jiwe, ya mchanga na ya simenti, kisha kiangazi kinapofika maji hurudi nje yakitafuta hewa. Maji huenda zake, na mzigo wake huubwaga mlangoni. Wafaransa wameupa mzigo huo jina lenye maana ya kuchanua maua, na kweli, ukiutazama kwa karibu asubuhi, utaona sindano ndogondogo zimesimama kama manyoya ya ua.

Ndiyo sababu weupe huu hauji wakati wa mvua kubwa, bali baada yake. Mama yule wa Jumamosi alikuwa akiunywesha ukuta wake maji mapya kila juma. Yale maji yaliyeyusha unga, yakaurudisha ndani, na jua likautoa tena. Alisugua kwa bidii sana, nasi tulimhurumia.

Tena mji wa Goma una mambo yake wenyewe yanayozidisha taabu. La kwanza ni jiwe. Lava ya Nyiragongo imejaa vitundu vya gesi, nayo ina magadi mengi kuliko mawe mengi ya namna yake; maji yakipita ndani hayatoki mikono mitupu. La pili ni ziwa. Wengi huchota maji ya Kivu kwa madumu, huyapandisha kwa chukudu, na huchanganyia simenti. Maji hayo ni safi kwa macho, lakini yana karibu gramu 1 ya chumvi za namna mbalimbali katika kila litri. Kidogo, utasema. Ndiyo, lakini hesabu madumu ya nyumba nzima. La tatu ni mlima wenyewe. Unapotoa moshi, gesi yake ya kiberiti huchanganyika na mvua, na mvua hiyo hushuka na ukali, hasa katika vijiji vya upande wa magharibi ambako upepo hupeleka moshi mara nyingi. Mvua kali hula chokaa iliyo katika maungio, na kiberiti chake huzaa chumvi nyingine. Kijana wetu wa sekondari apate sifa yake.

Na simenti? Muuza duka alikosea kuilaumu kwa majivu, kwa maana hata simenti bora kabisa huzaa chokaa inaposhikana na maji. Hiyo ndiyo tabia yake. Chokaa hiyo huyeyuka kidogo katika maji yanayopita. Ikitoka nje na kukutana na hewa, hugeuka kuwa jiwe jipya jeupe, ndugu wa chaki ya ubaoni. Ile michirizi ya nta ni hiyo. Kwa hiyo mambo meupe ukutani ni mawili, unga wa chumvi na gamba la chokaa, na asiyetofautisha atatumia dawa ya huyu kwa ugonjwa wa yule.

Taabu hii ni ya kale kuliko simenti. Herodoto, Mgiriki aliyesafiri Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristu, aliandika kwamba chumvi ilitoka katika nchi ile kwa wingi hata ikaharibu piramidi. Na wasomaji wa Maandiko Matakatifu watakumbuka kitabu cha Walawi, sura ya 14, penye sheria ya nyumba iliyopatwa na madoa ukutani. Madoa yale yalikuwa ya kijani au mekundu, si meupe, nasi hatutaki kulazimisha Maandiko yaseme yasiyosemwa. Lakini tazameni jinsi kuhani alivyoagizwa kutenda: aingie atazame kwanza, aifunge nyumba siku saba, kisha arudi kutazama kama doa limeenea. Mawe hayakung'olewa siku ya kwanza.

Utaratibu huo tuliona umuhimu wake katika parokia moja ya pembeni mwa mji, ambayo hatutaitaja jina. Shule ya parokia ina madarasa mawili ya mawe meusi, na chini yamepakwa lipu ya simenti hata kimo cha dirisha. Lipu ilikuwa imejaa weupe. Sikukuu ya msimamizi wa parokia ilikuwa inakaribia, na wazazi walikuwa wamechanga fedha, kidogokidogo, wengine kwa kuuza maharagwe, wengine kwa kusukuma chukudu, ili wanunue rangi ya mafuta, ile nzito inayong'aa, na kufunika aibu ile. Walikuwa wamekwisha kuuliza bei. Siku tuliyofika, kamati ilikuwa imeketi barazani pamoja na padri, na fundi mwashi, mzee mwenye kilema cha kidole kwa sababu ya nyundo, alikuwa ameitwa aseme rangi ngapi itatosha.

Mzee hakusema rangi ngapi. Alisimama akawapeleka wote nyuma ya jengo jingine, ghala dogo ambalo lilipakwa rangi hiyohiyo miaka mitatu iliyopita. Rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyounguzwa na maji ya moto. Akapasua uvimbe mmoja kwa ukucha: ndani mlikuwa na manyoya meupe, na nyuma ya manyoya lipu haikuwa lipu tena. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikamwagika mchanga.

«Padri,» akasema, «rangi hii ni shati safi lililovikwa juu ya kidonda. Litagandamana na kidonda, na siku ya kulivua litatoka na ngozi.»

Jambo alilolionyesha ndilo kiini cha yote. Chumvi inayochanua nje ya ukuta ni uchafu tu, haiangushi nyumba. Lakini ukiziba uso wa ukuta kwa rangi isiyopitisha hewa, maji hayaachi kuja; hukaukia nyuma ya rangi, na chumvi huota humo ndani, ambako hamna nafasi. Sindano zile nyembamba zinapokua husukuma kwa nguvu ya kupasua simenti na hata jiwe laini. Lava yenyewe ni ngumu, itavumilia. Lipu na maungio hayawezi.

Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye sauti yake, hakuridhika upesi. «Fundi, siku ya sikukuu wageni watatazama ukuta. Hiyo mifereji unayotaka tununue, nani ataitazama?»

«Mama, mvua itaitazama.»

Katekista akakumbusha makaburi yale ya Injili ya Mtakatifu Mateyo, yaliyopakwa chokaa nje. Wengine wakacheka, na mama mwenyewe akacheka, ijapokuwa si kwa muda mrefu, maana fedha zilikuwa za watu na yeye ndiye aliyezikusanya mlango kwa mlango. Mabishano yaliendelea hata saa sita. Mwishowe padri akauliza swali moja tu: maji yanatoka wapi? Wote wakatoka kwenda kutazama. Paa la mabati la shule halikuwa na mfereji hata mmoja. Kila mvua ilianguka kutoka ukingoni mwa bati, ikapiga mawe ya chini, ikaruka tena ukutani, na alama ya kuruka kwake ilifika palepale ulipokoma weupe. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Waliamua fedha zinunue mifereji ya bati na mabomba ya kushushia maji, ukuta usugliwe, na habari ya rangi ingojee mwisho wa kiangazi. Sikukuu ingefanyika na ukuta ulivyo. Mama mwenyekiti alisema atawaweka wanakwaya mbele yake, wanakwaya ni wengi.

Sasa, kwa wale wenye ukuta wa namna hii nyumbani au katika misioni yao, tunaandika tulivyomwona mzee akifanya, pamoja na yale tunayoyajua.

Kwanza alikwaruza weupe kidogo akautia katika glasi ya maji safi. Ukiyeyuka wote, ni chumvi. Ukibaki chini kama chaki, ni chokaa. Na ukitaka kuhakikisha, tone siki au maji ya limau juu ya gamba kavu la ukutani: chokaa hutoa povu dogo. Asiyekuwa na glasi asijaribu kwa ulimi, kwa maana hajui ukuta ule umenyonya nini, hasa karibu na choo au zizi.

Unga wa chumvi huondolewa ukiwa mkavu, siku ya jua, kwa brosi ya nyuzi ngumu. Brosi ya waya huacha chembe za chuma zinazogeuka kutu. Chini ya ukuta hutandikwa gunia au karatasi ili unga udondokee humo, kisha ukatupwe mbali, maana unga ulioachwa chini utayeyuka kwa mvua ya kwanza na kupanda tena. Wanafunzi wa mzee walitaka kusahau gunia. Aliwarudisha mara mbili. Baada ya juma moja au mawili brosi hupita tena, na tena. Kila safari weupe hupungua, ikiwa maji mapya hayaingii. Mahali chumvi iliposhika sana, mafundi hutengeneza bandiko la udongo mweupe safi na karatasi iliyolowekwa na kupondwa, hulipaka zito juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo, huliacha likauke lenyewe, kisha hulibandua. Bandiko linapokauka hunyonya chumvi itoke katika ukuta na kuingia ndani yake, kama tunavyoweka majani juu ya jipu.

Gamba la chokaa halisikii brosi. Kwanza ligongwe polepole kwa patasi butu au kipande cha mti. Linalobaki hulainishwa kwa siki iliyozimuliwa, lakini ukuta ulowanishwe kwanza kwa maji safi, ili siki ifanye kazi juu ya uso isizame ndani. Kisha husuguliwa na kuoshwa mara moja. Hapa tunawasihi wazazi. Tuliona vijana wakitumia asidi ya batri ya gari. Asidi hiyo huchoma ngozi na kupofusha macho, na juu ya hayo haina faida: ikikutana na chokaa huzaa chumvi nyingine, na mwaka ujao ukuta huchanua kuliko mwanzo. Ile asidi kali inayouzwa kwa mafundi wa vigae nayo huacha chumvi yake. Zisiwekwe katika chupa ya limonadi, mahali watoto wanapofika.

Tena shauri la siki ni kwa lava na mawe magumu ya namna hiyo. Ndugu zetu wa pwani ya Bahari ya Hindi wasilifuate. Kule Bagamoyo, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misioni mwaka 1868, na ambako mapadri wa kwanza waliokwenda ziwa Tanganyika walianzia safari yao mwaka 1878, kuta za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Vivyo hivyo Kilwa na mji mkongwe wa Unguja. Jiwe la tumbawe lenyewe ni chokaa, na siki hulila. Huko chumvi ni ya bahari, huletwa na upepo pia, na wajenzi wa zamani walijua kuishi nayo: walipaka lipu ya chokaa, ambayo huacha ukuta upumue na huharibika badala ya jiwe, kisha hupakwa upya baada ya miaka. Matatizo mengi yalianza pale walipokuja watu wenye nia njema na kupaka simenti juu ya chokaa.

Kwa anayejenga upya, kazi nyingi hufanyika kabla ya weupe kuonekana. Mchanga uoshwe, na ukiwezekana maji ya kuchanganyia yawe ya mvua au ya chemchemi. Juu ya msingi, kabla ya safu ya kwanza ya ukuta, itandikwe karatasi ya lami au plastiki nzito isiyotoboka, ili unyevu wa ardhi usipande. Ukuta ambao haujakamilika ufunikwe jioni. Plastiki ikikosekana, majani ya migomba yanatosha kwa usiku mmoja. Ukuta wa ua upewe kofia ya simenti yenye mteremko, iliyotokeza pande zote mbili kwa upana wa vidole vitatu, kwa sababu mvua huingia zaidi kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Na ukuta unaozuia udongo, kama ilivyo mingi katika vilima vya Bukavu, uachiwe matundu chini na kokoto nyuma yake. Maji yasiyopewa mlango hujitobolea.

Ukuta mpya utachanua mwaka wa kwanza hata ukifanya haya yote, kwa kuwa maji ya ujenzi yenyewe lazima yatoke. Usugue kikavu na kungoja. Kama rangi inatakiwa, ingojee kiangazi kizima kipite, tena iwe chokaa au rangi ya maji inayopitisha hewa.

Goma haina mto. Mvua ikinyesha huzama moja kwa moja kati ya mawe, na watu walio juu ya maji hayo yote huteremka ziwani na madumu yao. Mzee fundi aliikata mifereji ya shule kwa mkasi wa bati siku ya Alhamisi, akaipa mteremko wa kidole kimoja kwa kila meta mbili, na mwisho wa bomba akauelekeza kwenye pipa. Tulipopita Jumapili baada ya Misa, mvua ya mwisho ya majira ilikuwa imekwisha kunyesha usiku, ukuta wa upande wa mifereji ulikuwa mkavu hata chini, na wasichana wawili wa darasa la tano walikuwa wamefungua pipa wakichota maji ya kupigia deki darasa lao.